Mwaka Niliomkariri Bwana wa Dola Kumi

"Mimi si Mwislamu," nilisema, na nilisema kwa Kiarabu changu cha jikoni, neno baada ya neno, asije akapatikana wa kudai hakunielewa. Nilikuwa nimesimama katikati ya zulia la sebule ya wanawake, nyumba ya Al-Naseem, Riyadh, miguu mitupu, dera limelowa kuanzia kiunoni kwa maji ya bafu. Madam Nuf alikuwa ameketi kwenye kochi, kiganja shavuni. Dada yake Huda, aliyekuja kutoka Jeddah kumtembelea, alikuwa kando yake akilia ndani ya shela. Baba, yaani mume wa Madam na kafili wangu, mdhamini wa visa yangu, aliyeweka pasipoti yangu kwenye kabati lake, alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Alikuwa ametoka kumfikisha mama mkwe wake hospitalini, nyonga imevunjika. Na juu kwenye ngazi alikaa binti yao Layan, msichana wa miaka kumi na miwili, bado amevaa koti la Mmarekani wa zamani nililomshonea kutoka kwa pazia. Nikaendelea kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. "Mama Kabira alipoanguka sikuwa bafuni. Sikumsukuma. Nilikuwa juu ya paa kwenye chumba cha kufulia, naomba na wenzangu kwa simu. Mimi ni Mkristo. Aibu yangu ni hiyo. Hiyo nyingine si yangu." Layan aliinua kichwa ghafla, akanitazama, halafu akakiinamisha. Madam hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza polepole, "Kwa hivyo hata zile sala uliposimama na mama yangu, ulikuwa unatuchezea? Sasa nikuamini kwa lipi, Amina?"

Mwezi uliopita Layan alinitumia ujumbe wa sauti. Namba yangu sijui aliipata wapi, pengine kwa Kioko, Mkamba mmoja aliyekuwa dereva wao. Nilikuwa nasukuma chapati kwenye kibanda changu hapa Kitale, ikabidi nipanguse unga ndio nibonyeze. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, Kiingereza laini kama cha runinga. "Amina, habibti! Unamkumbuka jamaa yetu wa dola kumi?" Akacheka. Akasema sasa yuko kwenye kazi za fedha, huko huko Riyadh, na kila akisimama mbele ya watu kueleza mambo ya hazina na benki huwa anaanza na maisha ya yule bwana, maana hayajamtoka kichwani, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kusema Kiingereza bila kuogopa. Anataka kuja Kenya kuona simba, na kuniona mimi. Simba na mimi. Nilisikiliza tena na tena, nikitafuta kama kati ya vicheko vile ametaja ile siku. Hakutaja. Chapati iliungua, na mteja akaniambia, "Mama, hiyo utakula mwenyewe." Nikaila mwenyewe. Basi naandika, na kwa kuwa wengine wananitaja mimi bila haya, mimi pia nitawataja.

Naanza na wa nyumbani. Anaitwa Shadrack, wakala, mzee wa kanisa, mtu wa tai hata siku ya jua kali. Nilifika ofisini kwake Nairobi na cheti cha kuzaliwa na matumaini. "Jina?" akauliza. "Damaris." Akatikisa kichwa kama daktari. "Damaris atakaa hapa mwaka mzima akingoja visa. Amina anasafiri mwezi huu." Akanirushia kitambaa cheusi. "Funga kichwa nikupige picha. Wakiuliza kwa nini pasipoti inasema Damaris, sema umesilimu." Nikamuuliza, "Na Mungu je, mzee?" Akasema, "Mungu anajua biashara, dada. Atakuelewa." Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao, maana niliacha shule darasa la saba na sikuwa na maneno ya kumjibu mtu wa tai. Leo ninayo. Watu husema, si ungekataa? Anayesema hivyo hajawahi kukaa kwenye benchi la wakala huku ameshauza kila kitu cha kuuzika.

Nyumba ya Al-Naseem ilikuwa na vyumba vingi kuliko watu, na changu kilikuwa kando ya jikoni, hakina dirisha, nalala kati ya magunia ya mchele na makopo ya samli hata nguo zangu zikanuka iliki. Nilikula wao wakishamaliza, wali uliobaki kwenye sinia, nimesimama kando ya sinki, na hakukuwa na ubaya katika chakula hicho, nyama ilikuwepo, ila hakikuwa na mtu wa kukuambia ongeza. Upweke wa nyumba ya watu hautokani na kukosa watu. Unasikia vicheko mlango wa pili na unajua ukiingia na chai vitakoma mpaka utoke. Kioko alikuwa na chumba chake nje getini na tulikuwa tunaonana nikitoa takataka, salamu mbili tatu za Kiswahili, halafu kila mtu na ukuta wake. Aliyenigusa katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, Mama Kabira, mama yao Madam Nuf na Huda, ajuza mwembamba aliyenuka udi. Nilimwogesha, nikamsugua miguu, na saa za sala nilisimama kando yake kwa sababu Shadrack alishawaambia mimi ni Mwislamu. Alinishika mkono wakati wa kuinama. Hakunishika kwa mapenzi, miguu yake ilikuwa dhaifu, lakini mkono ni mkono. Yeye alisema yake kwa Mola wake, na mimi nikiwa chini pale nilisema yangu kimoyomoyo. Madam aliuita mchezo. Mimi nilikuwa nimemshikilia mama yake asianguke.

Sasa yule bwana. Shule ya Layan ilikuwa ya mtindo wa Kimarekani, na walikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine: kila mtoto anapewa mtu maarufu aliyekufa, anavaa kama yeye, anasimama wima kama sanamu ukumbini, na mzazi akimgusa bega sanamu inafungua mdomo na kusimulia maisha yake. Layan alirudi nyumbani amenuna. "Wenzangu wamepewa malkia, mimi nimepewa mtu wa benki!" Kiingereza chake kilikuwa cha kusitasita, cha Madam kilikuwa cha dukani, na Baba hakuwa na nafasi. Madam akanielekezea kidole. "Amina, wewe Kenya, wewe Kiingereza. Yalla, anza." Ndivyo nilivyomkariri mtu ambaye sikuwahi kumsikia. Kila alasiri nilisimama na pasi juu ya kanzu za Baba, Layan akizunguka meza, Mama Kabira kwenye kiti chake, na mimi nikishika karatasi kwa mkono mmoja. "Nilizaliwa kisiwa kidogo," mtoto anaanza. "Sauti!" nasema. "Unamwambia nani, pasi?" Anarudia. Alizaliwa nje ya ndoa, baba akawatoroka, mama akafa kwa homa kitanda kimoja na yeye akiwa mtoto, akaokotwa na duka la wafanyabiashara akawa karani akiwa bado hana ndevu. Kimbunga kikaja kikapiga kisiwa, akaandika habari zake vizuri hata wakubwa wa kisiwa wakachanga wampeleke Amerika akasome. Huko akaingia vitani, akawa mkono wa kulia wa jenerali, na nchi ilipopatikana ikawa imefilisika, kila jimbo na deni lake, wao kwa wao hawaaminiani. Yeye akafanywa waziri wa fedha, akasema madeni yote yawe ya nchi nzima, akaanzisha hazina, akaanzisha benki, akaifanya nchi ya jana iaminike na matajiri wa ng'ambo. Ndiyo maana sura yake iko kwenye noti yao ya dola kumi.

Mama Kabira hakujua neno la Kiingereza lakini alidai kutafsiriwa kila hatua. "Yatima?" alimuuliza mjukuu wake. "Meskini. Nani alimlisha?" Tulipofika mwisho, pale mpinzani wake wa siasa alipomwita wakapigane kwa bastola ng'ambo ya mto, upande ule ule mwana wa bwana wetu alikouawa kabla yake, ajuza aligonga mkongojo sakafuni. "Mjinga! Ana watoto nyumba nzima, anakwenda kusimama apigwe risasi kwa sababu ya maneno? Angekaa ale!" Tulicheka sote watatu, mimi mpaka nikaacha alama ya pasi kwenye kola. Nasema ukweli, hizo alasiri ndizo zilizonifanya nisipoteze akili. Nilimpenda yule bwana kwa jambo moja, kwamba alikuwa wa kuja. Aliwajengea nyumba yao ya fedha, na mpaka anakufa kuna waliomtupia kwamba hana baba na si mwenyeji. Nikiwa nachota maji ya kudeki nilikuwa najiambia, haya basi, hata waziri aliitwa wa kuja.

Kulikuwa na sehemu moja ambayo mwalimu aliikata. Layan alinisomea siku moja akiwa amefunga mlango wa chumba cha kupigia pasi, masikio mekundu kwa raha ya kujua cha wakubwa. "Alikuwa na mwanamke. Mke wa mtu." Nikasema, "Astaghfirullah," kama Amina. Akaangua kicheko. "Subiri! Mume wa yule mwanamke akajua, akawa anamdai hela anyamaze. Maadui wakaona hela zinatoka, wakasema waziri anaiba hazina. Unajua alifanya nini? Aliandika mwenyewe, akachapisha nchi nzima isome: nilikuwa na huyo mwanamke, dhambi yangu ni hiyo, lakini wizi sikufanya." Nikauliza, "Wakamwamini?" Akasema, "Kuhusu wizi, ndiyo. Aliaibika sana, lakini hakupatikana wa kuthibitisha kwamba ni mwizi." "Na mkewe?" Layan akapindua karatasi. "Alikasirika. Lakini bwana alipokufa aliishi miaka hamsini tena, akizunguka kukusanya maandishi yake na kulitetea jina lake. Akasaidia kufungua na nyumba ya yatima." Niliweka pasi chini. Siku nzima nilitembea na hilo jambo, kwamba mtu anaweza kutoa aibu moja mkononi mwake mwenyewe ili wasimbandike nyingine. Nililiona kuwa jambo la kiume na la kweli. Hakuna aliyeniambia kwamba ukweli wa waziri na ukweli wa mtumishi haupimwi kwenye mizani moja.

Ijumaa ile Mama Kabira alipoanguka, Huda alikuwa na siku chache tangu afike. Ilikuwa kabla ya Magharibi, nimeshamwingiza Mama Kabira bafuni, amekaa kwenye kigoda chake cha plastiki, maji ya vuguvugu yako tayari. Layan alikuwa ukumbini mbele ya mlango amevaa koti, anakwenda na kurudi akijisemea kisiwa chake. Huda akaja na simu yake, akasimama mlangoni. "Ruhi, Amina. Nenda kapumzike. Nitakaa na mama." Nikamwambia, "Madam Huda, usimwache. Miguu yake mafi nguvu, akisimama peke yake anaanguka." Akakunja uso. "Unanifundisha mama yangu? Yalla, ruhi!" Mtoto alikuwa pale, hatua chache tu, na alinyamaza kusoma ili tupishane. Nikapanda juu ya paa. Wenzangu wa maombi walishaanza, mmoja alikuwa Dammam, mwingine Jeddah, tunaimba chini chini simu imeegemezwa kwenye sabuni ya unga. Hatukumaliza wimbo, ukelele ukatoka chini. Niliposhuka kwa ule ukelele nilimkuta Mama Kabira sakafuni amejikunja, bomba linamwaga, na Huda anatoka mbio sebuleni upande wa mbali, simu bado mkononi. Nilimbeba mimi. Alikuwa ananiangalia na kusema jina langu, lile la Amina, na hakusema kitu kingine.

Kabla gari halijatoka getini Huda alishasema yeye hakuwa karibu, nilikuwa mimi, nilimwacha. Baba aliporudi kutoka hospitalini, "alimwacha" ilikuwa imekuwa "alimsukuma." Niliona njia mbili tu. Ninyamaze niwe niliyemsukuma, au niseme nilikuwa juu, na nikisema nilikuwa juu wataniuliza nilikuwa nafanya nini. Basi nikafanya alivyofanya mtu wangu. Na katika nyumba nzima ni mmoja tu aliyejua niliyatoa wapi maneno yale, na ndiyo maana aliinua kichwa pale kwenye ngazi. Niligeuka kumtazama nikingoja. Ilikuwa zamu yake sasa, aseme tu, "Khala Huda alimwambia aende," yaani mama yake mdogo. Layan alivuta kifungo cha koti mpaka kikakatika, akakiminya kiganjani. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena habari ya bafu. Ilikuwa sala, sala, sala. Jinsi nilivyofunga nao Ramadhani, jinsi nilivyoitikia amina. Madam alikuwa na haki ya kuumia kwa hilo, simnyimi, na mwenye kubeba hilo ni Shadrack. Lakini Huda alilia tu ndani ya shela, na kila machozi yake yalipotoka nilizidi kuzama. Mwishowe Baba akakata shauri. "Hakuna polisi. Mambo ya nyumba yabaki nyumbani. Atamalizia mkataba kwa Huda, Jeddah. Halas." Alidhani ananihurumia. Kioko aliponibebea begi mpaka kwenye gari aliniambia kwa huzuni, "Sista, yaani ulikataa kuiba sukari kwa kusema ulikuwa unachoma duka?" Sikucheka. Sasa naweza kucheka kidogo.

Kwenye ndege ya Jeddah Huda alinikalisha dirishani, yeye kando, shela imeshuka. Walipoleta juisi nilishindwa kuifungua, na Huda akaichukua bila kusema neno, akaifungua, akairudisha mbele yangu. Nimelifikiria lile tendo kuliko matusi yote niliyotukanwa. Nyumba yake ilikuwa Al-Nuzha, karibu na uwanja wa ndege, ndege zinapita chini vikombe vikatikisika kabatini, na kila inayopita nilikuwa najua kuna mtu anakwenda kwao. Riyadh ilikuwa na joto kavu, Jeddah lilikuwa joto la kulowa, shuka haikauki, na simu alishaninyang'anya Baba. Huda hakunipiga wala hakunipigia kelele. Aliacha nilichotakiwa kufanya kikiwa kimewekwa tu, samaki kwenye karai, nguo kwenye kapu, na yeye akatoka chumba hicho kabla sijaingia. Nilikaa miezi bila mtu kunitamkia jina, si la Damaris wala la Amina. Nikawa nasimulia maisha ya yule bwana kwa mashine ya kufua, kutoka kisiwani mpaka bastola, kwa Kiingereza, kwa sauti, ili nisikie mdomo wangu bado unafanya kazi. Nikifika kwa mjane wake nilikuwa nakomea hapo. Miaka hamsini, mtu anatembea nyumba hadi nyumba akisema mume wangu hakuwa vile mnavyosema. Nilimwonea wivu maiti.

Mama Kabira alikufa Riyadh, hakuwa ameinuka tena kitandani tangu ile Ijumaa. Huda aliporudi kutoka mazikoni alipokea rambirambi nyumbani kwake siku tatu, na mimi ndiye niliyezungusha dalla, birika la kahawa, na sahani ya tende kati ya wanawake waliokaa kuzunguka kuta. Waliongea juu ya kichwa changu kama mtu anavyoongea mbele ya kochi. "Huyu ndiye?" mmoja akauliza. "Ndiye. Alijifanya anaswali." "Na mnakunywa kahawa mkononi mwake?" Mwingine akasema, "Mungu atamlipa, usijali," akanyoosha kikombe nimjazie. Nilimjazia. Nilipofika kwa Huda, yeye peke yake ndiye aliyenyoosha kikombe bila kunitazama. Wageni walipoondoka alinifuata jikoni mchana ule, akasimama karibu na friji. "Amina. Mama alikuwa amechoka na dunia, siyo?" Nikamjibu, "Sijui, madam. Wewe ndiye uliyekuwa naye." Halafu akachukua kikombe kilichokwisha kuoshwa, akakiosha tena, akatoka. Wiki ile ile alinikatia tiketi ya kurudi nyumbani, mkataba haujaisha. Watu waliniambia nina bahati. Mtu huwezi kuishi naye ndani ya nyumba kama ndiye anayejua ulichofanya, hiyo ndiyo bahati yangu.

Nilipofika nilikwenda kwa Shadrack kumuuliza juu ya kile kitambaa cheusi. Habari alishaletewa na Baba; aliniita kando akaniombea kwa sauti, na kufikia Jumapili kanisa zima lilijua nilimsukuma nyanya wa Kiarabu akafa, na kwamba yeye Shadrack ndiye aliyeniokoa nisikatwe kichwa. Hilo jina ndilo ninaloishi nalo. Nilitafuta kazi ya kuangalia wazee, kazi ninayoijua kwa mikono yangu, na nikanyimwa kila mlango. Na mama yangu mwenyewe alipoishiwa nguvu, nikachemsha maji nimwogeshe, mke wa kaka yangu aliniondolea beseni mkononi. "Wewe kaa tu, dada. Nitamwogesha mimi." Alisema kwa upole. Nilikaa nje ya mlango nikisikia maji, na mama akiuliza Damaris yuko wapi.

Kwa hivyo, Layan, nimesikia ujumbe wako. Unasimama mbele ya watu unawaeleza jinsi yule bwana alivyosema ukweli uliomwaibisha akaondolewa uongo aliosingiziwa. Huwa unawaambia pia kwamba ulimwona mtu akijaribu jambo hilo hilo mbele ya macho yako? Yeye aliacha mtu wa kumtetea. Mimi wa kunitetea alikuwa mmoja nchi nzima ile, na alikaa kwenye ngazi akanyamaza. Ulikuwa mtoto. Hilo nimekuachia miaka yote hii, na sikukutaja hata kwa mashine ya kufua. Sasa si mtoto, una kazi, una sauti nzuri, na Huda bado yuko hai, na mama yako bado anaamini nilimsukuma. Usiniletee zawadi, na simba waache. Mpigie mama yako, umpigie na Khala Huda akiwa anasikia, useme kwa Kiarabu chenu, halafu unitumie mimi kwa Kiingereza kile kile, nimsikilizishe Shadrack mbele ya kanisa na mke wa kaka yangu mbele ya mama. Mlangoni mwa bafu, Ijumaa ile, Huda aliniambia nini, na ni nani aliyebaki na nyanya yako? Ulikuwepo. Ulisikia. Jibu.